Omo au tezi? Kasheshe ya washikaji watatu na mashine ya boti

Kama umeamka na hela mfukoni, mshukuru Mungu. Kama huna, mshukuru pia, maana wapo watu wana hela, wana boti, wana mashine mpya ya boti, na hawasemeshani. Hao ndio habari yetu leo.

Wiki hii naweka pembeni mambo ya nani kamwacha nani. Tunaingia majini. Najua kuna mtu tayari anataka kufunua ukurasa, anasema: "Haya hayanihusu, mimi mtu wa daladala." Tulia bwana. Boti ni chombo kama vyombo vingine. Ukijua kwa nini mashine inakaa hapa na haikai pale, hata ukipanda mtumbwi wa kwenda Mbudya utakaa kwa akili.

Mambo yenyewe ni hivi. Nina jamaa yangu mmoja tuliyemaliza naye Form Four, mtoto wa Temeke. Siku hizi yuko Minnesota, huko Marekani. Ni jimbo la baridi, lina maziwa zaidi ya 10,000, na Wakenya wamejaa tele, Watanzania nao hawakosekani. Jamaa huwa ananipigia saa kumi alfajiri, kwa sababu kwake ni saa mbili usiku na amesahau kabisa kwamba huku watu wamelala. Safari hii alipiga analalamika: "Mwana, tumenunua mashine, imekaa gereji wiki ya sita. Hatujui tuifunge wapi."

Wako watatu kwenye hiyo boti. Yeye, Mkenya mmoja wa Kisumu, na jamaa wa Tanga aliyekwenda huko na mkewe na watoto wawili. Walichanga wakanunua boti ya mitumba, wanaitumia wikiendi kuvua samaki na kupunga upepo na familia. Sasa wamegawanyika. Mmoja anataka mashine ikae mbele, mwingine nyuma, wa tatu ana lake. Wazee walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa hata mrama hakijaenda, kimefungwa gatini tu.

Na usifikiri wiki sita ni kidogo. Kule maziwa yanaganda barafu wakati wa baridi. Boti inaingia majini mwezi wa tano hivi, mwezi wa kumi watu wanaanza kuzitoa. Ukibishana wiki sita umekula sehemu nzuri ya msimu.

PANTONI SIYO YA KIGAMBONI

Kabla hatujaenda mbali tuelewane kwenye neno. Kwa mtu wa Dar, pantoni ni lile dude linalovusha watu na magari kwenda Kigamboni. Huko kwa jamaa pantoni ni boti ya starehe. Chukua mabomba mawili makubwa ya alumini, marefu, yaliyozibwa huku na huku, uyalaze sambamba majini. Juu yake tandika sakafu bapa ya plaiwudi. Zungushia uzio wa kufika kiunoni, weka makochi, turubai la kivuli na redio. Basi, una sebule inayoelea.

Boti hizi zina asili huko huko Minnesota. Mwaka 1952 bwana mmoja aitwaye Ambrose Weeres, wa mji mdogo wa Richmond, aliunganisha mapipa ya chuma, akaweka jukwaa la mbao juu, akaingiza ziwani. Alikuwa na akili ya kawaida tu: jukwaa pana juu ya maboya mawili haliyumbi ovyo. Watu wakapenda, akaendelea kuzitengeneza, na leo ziko kila ziwa.

Kwa nyuma boti hiyo ina mashine yake kubwa ya petroli. Hiyo ni ya kukimbilia. Lakini ukifika kwenye samaki, mashine kubwa ni kelele, moshi na mafuta. Hapo ndipo inatakiwa ile ndogo ya umeme, inayotumia betri, ya kusogea polepole huku umeachia mshipi nyuma. Watu wa pwani wana neno lao zuri la uvuvi huo: kurambaza. Kwa hiyo mimi naiita mashine ya kurambazia.

Nayo ina historia. Mwaka 1934 jamaa anaitwa O.G. Schmidt, wa mji wa Fargo, jimbo la North Dakota, alichukua stata ya gari la Ford Model A, akaiunganisha na pangaboi, akapata mashine ya umeme ya boti. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo inaitwa Minn Kota, kutokana na Minnesota na Dakota, majimbo yanayopakana hapo. Hivyo mwenye gereji pale Gerezani akikuambia stata ya gari inaweza kufanya maajabu, usimcheke.

WATATU, MASHINE MOJA

Sasa sikiliza hoja zao, maana kila mmoja alikuwa na sababu zake.

Wa Kisumu alisema mashine ikae nyuma. Amekulia kando ya ziwa, ameona mitumbwi ya wavuvi tangu mtoto, na yote mashine iko nyuma. "Nyinyi mmeona wapi mashine mbele? Hiyo ni boti ama ni trekta?" Bei nayo inamuunga mkono. Mashine za kufunga nyuma huwa rahisi, zinabanwa kwa klampu mbili, unashika mkono wa usukani kwa mkono wako, kazi kwisha.

Wa Tanga akasema mbele. Yeye ana mjomba nahodha, na tangu utotoni ameambiwa chombo hutii upepo kwanza, halafu ndiyo hukutii wewe.

Jamaa yangu wa Temeke, kwa kupenda mambo makubwa, akasema ifungwe juu ya mashine kubwa yenyewe, pale kwenye lile bapa lililoko juu kidogo ya pangaboi. Kweli aina hiyo ipo. Ukizungusha usukani wa kawaida, mashine kubwa inageuka na ndogo inageuka nayo. Huoni kitu kimening'inia, boti inabaki imependeza. Mtoto wa mjini lazima apendeze, au vipi?

Mimi nikamwambia, ngoja. Nikachukua fizikia yangu ya sekondari, nikaongeza kuuliza kwa wanaojua. Haya ndiyo niliyomrudishia.

KUVUTA NA KUSUKUMA

Umewahi kumwona kijana wa mkokoteni pale Kariakoo? Akiwa mbele anavuta, mkokoteni unamfuata. Akikata kulia, nao unakuja kulia. Sasa mwambie akae nyuma ausukume. Ukigonga kijiwe kidogo tu, pua ya mkokoteni inakwenda inakotaka yenyewe, na yeye anahangaika kuirudisha. Mzigo ule ule, nguvu zile zile.

Boti nayo ni hivyo. Mashine ikiwa mbele, yaani omoni, inaivuta boti kama mbuzi wa kamba. Mwili wote unafuata pua. Mashine ikiwa nyuma, yaani tezini, inasukuma, na pua inabaki haina mwenyewe.

Kwenye mtumbwi wa kawaida shida hiyo siyo kubwa. Mtumbwi ni mwembamba, umezama kidogo, wenye mkuku unashika maji, na upepo haupati pa kuukamata. Ndiyo maana jamaa wa Kisumu hakuona tatizo lolote maisha yake yote. Hakusema uongo. Anasema habari za chombo kingine.

Pantoni haina mkuku. Inaelea juu juu. Halafu ule uzio na makochi na turubai ni sawa na tanga lililotandazwa bila mtu kulishika. Tena kwa nyuma mashine kubwa ina uzito na mguu wake uko ndani ya maji, kwa hiyo tezi inashika maji kidogo. Omo ni nyepesi na haijashikwa na kitu. Upepo ukija unaanza na omo. Unageuza boti nzima kama mlango uliosahauliwa wazi.

Sasa jiulize: mlango ukipigwa na upepo, unaushika wapi? Kwenye bawaba au kwenye kitasa? Bila shaka kitasa, mbali na bawaba, ndiko nguvu ndogo inapofanya kazi kubwa. Omo ndiyo kitasa cha pantoni. Mashine ndogo ya betri haina nguvu za kupoteza, lazima uiweke mahali ambapo nguvu kidogo inatosha.

Lile la jamaa yangu nalo lina kasoro mbili. Kwanza bado ni kusukuma. Pili, mashine kubwa haigeuki mzunguko mzima, inakwenda nyuzi chache kulia na chache kushoto basi, kwa hiyo na ndogo iliyoibeba inafungwa na kipimo hicho hicho. Mashine ya mbele inazunguka pande zote, unaweza hata kuivuta boti kwa ubavu ukitaka kusogea gatini. Pia ile ya nyuma inabaki majini kila mashine kubwa ikiwa majini, na ukikimbia inaburuzwa.

Lakini tumpe wa Kisumu haki yake. Kuna wavuvi wa Minnesota wanaoweka mashine nyuma halafu wanakwenda kinyumenyume, tezi ikiwa ndiyo inatangulia kwenye upepo. Ni mtindo wao kabisa, hasa kwa samaki anayeitwa walleye, ambaye tangu 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo. Ukienda kinyumenyume, mashine ya nyuma inageuka kuwa ya kuvuta. Kwa hiyo hoja haikuwa nyuma wala mbele. Hoja ni kwamba mashine itangulie, boti ifuate.

SHEMEJI ANAINGIA

Hapo ungefikiri kesi imekwisha: mbele. Ndiyo kwanza ikaanza.

Boti yao ina geti dogo kwenye uzio wa mbele, katikati kabisa. Mbele ya geti sakafu imezidi kidogo, kama kibaraza. Wa Tanga akataka mashine ikae katikati ya kibaraza, geti ling'olewe, aweke kiti chake hapo akae na mshipi. Kwa hesabu za maji yuko sawa, katikati ndipo panapovuta sawasawa pande zote.

Mkewe akasema hapana.

Jamaa yangu anasema shemeji hakupiga kelele. Aliwaita wote watatu mezani, akawapa chai, akauliza: "Geti mkiling'oa, watoto wangu watazuiwa na nini?"

Wa Tanga akasema watoto watakaa nyuma. Shemeji akamtazama tu.

"Shemeji," akasema wa Kisumu, "watavaa life jacket."

"Asante shemeji yangu. Jaketi linamfanya aelee. Akielea mbele ya boti inayokwenda, boti inampitia juu, na nyuma kuna mashine kubwa. Hilo jaketi litamsaidia nini hapo?"

Kimya.

Msomaji wangu, huyo mama ameshika pale pale penyewe. Mtu akianguka kutoka mbele ya pantoni inayotembea, anaangukia katikati ya yale mabomba mawili, na boti ikipita juu yake anakutana na pangaboi la nyuma. Ndiyo maana wanaojua boti hizi wanakataza mtu kukaa nje ya uzio boti ikiwa inakwenda. Sheria ya Minnesota inataka kila aliyemo awe na jaketi la kujiokolea, na mtoto wa chini ya miaka 10 alivae kabisa boti inapotembea. Lakini sheria haiwezi kukufungia geti. Geti unafunga mwenyewe.

Na kuna la uzito. Omo ya pantoni haipendi watu wengi. Mtu mmoja akipata samaki mkubwa wote wanakimbilia mbele kuangalia, pua inainama, wimbi linapanda sakafuni. Ukiongeza mashine, betri mbili na kiti cha bwana mkubwa, umeshajitafutia balaa kabla samaki hajala chambo.

Kwa hiyo swali likabadilika. Siyo tena "mashine ikae wapi ivute vizuri," ikawa "ikae wapi ivute vizuri na geti libaki limefungwa."

KONA

Jibu lilikuwa kona. Omoni, nje ya uzio, lakini pembeni ya geti.

Kona ya kulia au kushoto? Kiti cha dereva kwenye pantoni nyingi kiko kulia, na yao vilevile. Dereva ana kilo zake, kwa hiyo mashine ikaenda kushoto ili uzani ujilinganishe, na dereva asizibwe kuona mbele. Kuvuta kutoka kona kunafanya boti itake kupinda kidogo, hilo ni kweli. Unarekebisha kwa kuielekeza mashine pembeni kidogo, na baada ya nusu saa mkono unazoea.

Kabla ya kutoboa kitu niliwashauri wajaribu. Waazime mashine ndogo ya klampu, wabane ubao imara pale konani, waifunge, wasubiri siku ya upepo wa wastani. Halafu waihamishe nyuma, njia ile ile, upepo ule ule. Tahadhari moja: mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya nyuma ukiifunga mbele lazima ukigeuze kichwa chake, vinginevyo itakuwa inakusukuma kurudi ulikotoka.

Walifanya hivyo Jumamosi moja. Ikiwa nyuma, wa Kisumu mwenyewe akishika mkono, boti ilikwenda kama mlevi aliyetoka kilabuni, kulia kidogo, kushoto kidogo, mara ikakaa ubavu kwenye upepo ikagoma. Ikiwa konani mbele, ikanyooka. Wa Kisumu akacheka akasema: "Haya, leo trekta imeshinda." Mwanaume anayekubali hivyo ni wa kununuliwa soda.

KWA WANAOTAKA KUFUNGA

Sasa mambo ya ufundi, mkataji aipate aiweke.

Nguvu. Mashine hizi zinapimwa kwa ratili za msukumo. Kanuni inayotumika ni ratili 2 kwa kila ratili 100 za uzito wa boti ikiwa imepakia, yaani asilimia 2. Wao walipiga hesabu: boti kilo 900, watu sita kilo 450, mashine kubwa na mafuta na mizigo kilo 250. Jumla kilo 1,600. Asilimia 2 ni kilo 32, sawa na ratili 70 hivi. Kwa kuwa pantoni inakamatwa na upepo, wakachukua ya 80. Hiyo inataka volti 24, maana yake betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Mashine ya betri moja huishia kwenye ratili 55 hivi.

Urefu wa shafti. Hapa ndipo wengi wanaliwa. Pantoni ina sakafu ya juu, na omo inapanda na kushuka kwenye wimbi. Shafti ikiwa fupi, pangaboi linatoka majini, linapiga hewa, linapiga kelele, na huendi popote. Pima kutoka sakafu pale utakapofunga hadi usawa wa maji, boti ikiwa na watu wake wa kawaida. Mashine inatakiwa iwe kama sentimita 30 chini ya maji. Wao walipata sentimita 55 hadi majini, wakachukua shafti ya inchi 54, yaani sentimita 137. Ndefu inaweza kupunguzwa kwa kupandisha juu. Fupi utaifanyaje?

Nafasi. Zungusha shafti mzunguko mzima kabla hujatoboa, uone pangaboi haligusi bomba. Lisilalie bomba kwa karibu pia, maana maji yanayosukumwa yakigonga bomba nguvu inapotea bure. Ilaze mashine kama itakavyolala ukiwa unakimbia, uone haizibi geti wala haizidi pembeni ikagonga gati.

Bolti. Usifunge kwa skurubu za mbao. Plaiwudi ikinywa maji inalainika, skurubu zinang'oka na mashine yako inakwenda kuishi na samaki. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, zipite sakafu nzima, chini uweke bamba la alumini na nati za kujikaza. Paka silikoni kwenye kila tundu. Kabla ya hapo lala chini uchungulie, usije ukatoboa waya. Kuna mabamba maalumu ya kuchomoa na kurudisha mashine kwa dakika moja. Chukua hilo. Jioni unaondoka na mashine yako, mwizi anabaki na matundu.

Betri. Usizirundike mbele pamoja na mashine. Betri moja ya kawaida ya maji, ya ukubwa wa ampia 100 kwa saa, ina uzito wa kilo 27 hadi 30. Za lithiamu ni nyepesi, chini ya nusu ya hapo, lakini bei inauma. Wao waliziweka chini ya kochi, katikati kuelekea nyuma. Kwa hiyo waya ukawa mrefu, na waya mrefu lazima uwe mnene, vinginevyo umeme unaishia njiani na waya unachemka. Weka na swichi ya kukata umeme yenyewe, karibu na betri. Na usizikamue. Betri za maji zikifika nusu ya chaji, rudi nyumbani. Ukikanyaga mashine kwa nguvu zote hiyo ni kama saa moja tu. Ukienda polepole, unashinda ziwani.

Karatasi. Minnesota boti yenye mashine, hata ya umeme, lazima iandikishwe. Usije ukasema "si ya betri tu."

NA SISI TULIOKO HUKU?

Najua yupo kijana Mwanza au Kunduchi ameshaanza kupiga mahesabu ya mapipa na mbao, apate boti ya kuzungusha watalii. Safi sana, kijana kujituma. Lakini sikiliza.

Nilipokuwa namtafutia jamaa majibu nilishuka Kunduchi kwa mzee mmoja fundi wa ngalawa. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamweleza yote, pantoni, betri, kona. Akasikiliza huku anapiga randa. Mwisho akasema: "Wao wana bahati, wana mashine mbili. Wewe hukuniuliza kitu kimoja: hiyo moja ikizima, nani anaifikia bila kuwaruka abiria?"

Basi ongeza hilo kwenye orodha. Mahali pa mashine ni pale inapofanya kazi, isipoua mtu, na inapofikika.

Tena pantoni ni chombo cha maji yaliyotulia. Kusi likivuma baharini, au ziwa letu la Victoria likichafuka, sebule yako itageuka jeneza. Tusijisahaulishe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa. Kilikuwa kimejaza kupita uwezo wake. Uzani majini hauna msamaha. Kwa hiyo kabla hujabeba hata abiria mmoja, nenda TASAC chombo kikaguliwe na kiandikishwe, na kila mtu awe na jaketi lake. Usiniambie "tunaenda hapo tu." Ukara nako kulikuwa hapo tu.

Lingine ni la urafiki. Ukichanga na wenzako kununua chombo, kubalianeni kabla ya drili kuwaka. Tundu kwenye mali ya shirika ni kama neno baya, ukishalitoa limetoka. Mwenda pole hajikwai. Na aliyenyamaza muda wote kikaoni, hasa akiwa ndiye anayefunga watoto majaketi, mwulizeni yeye kwanza.

Jamaa wamefunga mashine, na msimu bado haujaisha. Wa Tanga anakaa na mshipi wake ndani ya uzio, anaiendesha kwa rimoti. Wa Kisumu ndiye anayezichaji betri, hataki mtu azishike. Jamaa yangu wa Temeke kanunua turubai jipya la rangi nyekundu ili boti ipendeze. Geti linafungwa na shemeji, na funguo anayo yeye.

Wazee wa pwani wanasema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Jumamosi wakirudi jioni, wote watatu wanainama kukausha maji na kubeba betri.

Kwa leo tuishie hapo. Wewe mwenye kisa chako na wenzako, iwe cha boti, bajaji au saluni, lete. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Wasalaam.